Dawa Zisizo na Homoni za Kutuliza Fukuto la Ukomo wa Hedhi: Hatua za Kuzichagua na Kuzitumia kwa Usalama

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi, ambaye fukuto la ghafla linamwamsha usiku au linamvuruga kazini, na ambaye hawezi au hataki kutumia dawa za homoni. Umeandikwa pia kwa binti, dada au mume anayemsindikiza kliniki, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye anayekumbuka swali lililosahaulika. Dawa zinazozungumziwa hapa zote ni za kuandikiwa na daktari. Msimamo wangu ni huu, na kila hatua iliyo hapa chini inausimamia: dawa inayokufaa haichaguliwi kwa upya wake wala kwa umaarufu wake, bali kwa magonjwa mengine uliyo nayo na dawa nyingine unazomeza. Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyochapishwa kwenye boksi, ili uweze kuyalinganisha na yale uliyo nayo mkononi.

Ni vyema kuelewa kwanza kinachotokea mwilini. Ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna chembe za neva zinazosaidia kuratibu joto la mwili, na ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikitulizwa na homoni ya estrojeni. Estrojeni inapopungua, chembe hizo huongezeka ukubwa, hutoa kwa wingi kemikali iitwayo nyurokinini B, na kuuchochea ubongo uamini kwamba mwili umepata joto kupita kiasi hata pale ambapo joto limepanda kidogo mno. Kikombe cha chai, blanketi au chumba kilichojaa watu kinatosha. Ubongo huamuru mishipa ya damu ya ngozi ipanuke na jasho litoke, na ndiyo maana moto huanzia kifuani ukapanda shingoni na usoni, moyo ukaenda mbio, kisha mwanamke akabaki anatetemeka kwa baridi, nguo zikiwa zimelowa. Kwa kuwa mlolongo huu unajulikana, upo uwezekano wa kuukatiza bila kurudisha estrojeni.

Wapo watakaokuambia uvumilie kwa sababu hali hiyo itapita. Utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake nchini Marekani kwa miaka mingi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na fukuto la mara kwa mara, nusu waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka 7.4, na kwa wanawake weusi muda huo ulifikia miaka 10.1. Mtu hapaswi kuombwa avumilie miaka kumi ya kukosa usingizi wakati tiba ipo.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba kweli ni fukuto la ukomo wa hedhi

Ukomo wa hedhi huthibitishwa pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, bila sababu nyingine kama ujauzito au dawa. Fukuto linaweza kuanza mapema zaidi, katika miaka ambayo hedhi inarukaruka. Kwa mwanamke aliye katika umri wa miaka 45 na kuendelea, mwenye dalili hizi na hedhi iliyobadilika, kwa kawaida daktari hahitaji kipimo cha homoni ili kufikia uamuzi. Kama una umri chini ya miaka 45, na hasa chini ya 40, omba uchunguzi kamili kabla ya kufikiria dawa yoyote iliyotajwa hapa, kwa sababu hedhi iliyokoma mapema hivyo huudhoofisha mfupa na huathiri moyo, na dawa zisizo na homoni hazikingi kimojawapo kati ya hivyo viwili.

Katika nchi zetu kuna jambo la ziada ambalo halipaswi kurukwa. Kutokwa na jasho usiku ni moja ya dalili zinazoulizwa wakati wa kuchunguza kifua kikuu, kwa hiyo ikiwa jasho lako linaandamana na kikohozi, homa, au nguo zinazozidi kukupwaya kila mwezi, omba uchunguzi wa kifua kikuu na wa virusi vya UKIMWI kwanza. Malaria nayo hutoa jasho, lakini huja na homa, maumivu ya mwili na kichwa. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, mapigo ya moyo ya kasi na mikono kutetemeka, na kipimo cha damu huibainisha. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide, jasho la usiku wa manane linaweza kuwa dalili ya sukari kushuka, hali ambayo ni ya hatari na inahitaji kupimwa saa ileile inapotokea. Na damu yoyote inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, hata kama ni tone moja kwenye nguo, ni lazima ichunguzwe, kwa kuwa inaweza kuwa ishara ya saratani.

Hatua ya pili: Uliza kwanza kama kweli homoni hazikufai

Ninaiweka hatua hii mapema kwa sababu wanawake wengi hujinyima homoni kutokana na hofu waliyoirithi kuanzia mwaka 2002, wakati matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani yalipotangazwa na kuitia dunia nzima wasiwasi. Uelewa umebadilika tangu hapo. Kwa mwanamke mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au aliyekoma hedhi ndani ya miaka 10 iliyopita, faida za homoni mara nyingi huzidi hatari zake, na hadi leo hakuna dawa inayotuliza fukuto kuishinda estrojeni, ambayo hupunguza idadi ya mafukuto kwa takriban asilimia 75. Homoni pia hulinda mifupa, na huondoa ukavu wa uke, jambo ambalo dawa zisizo na homoni hazifanyi.

Hata hivyo wapo ambao mlango huo umefungwa au ni wa kuuendea kwa tahadhari kubwa: waliopata saratani ya matiti, waliowahi kupata kiharusi, mshtuko wa moyo, au damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, wenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na wenye damu ya ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Wapo pia wasiotaka tu, na uamuzi wao unastahili heshima ileile. Ikiwa uko katika mojawapo ya makundi haya, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu: Andika daftari kwa wiki mbili

Daktari anayeambiwa "nasikia joto sana" hana cha kupima nacho, lakini anayeoneshwa daftari ana kitu cha kulinganisha kabla na baada ya dawa. Kwa kila fukuto andika saa, ukali wake, na lilichokuzuia kufanya. Mfano wa mstari mmoja ni huu: "Jumanne, saa nane na robo usiku. Moto umeanzia kifuani, shuka limelowa mgongoni, nimebadilisha kanga, nimelala tena saa tisa na nusu." Mstari kama huo unamwambia daktari mambo matatu kwa mpigo: kwamba tatizo ni la usiku, kwamba ni kali, na kwamba limekula zaidi ya saa moja ya usingizi. Katika majaribio ya dawa mpya, wanawake waliopokelewa walikuwa na mafukuto ya wastani hadi makali yasiyopungua saba kwa siku, lakini hilo ni sharti la utafiti tu. Matatu yanayokuamsha kila usiku ni sababu tosha ya kutafuta tiba.

Hatua ya nne: Beba dawa zako zote, pamoja na zile usizozihesabu kuwa dawa

Muuguzi akiuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?", jibu la kawaida huwa, "Za presha tu, mwanangu." Halafu mkoba ukifunguliwa hutoka diclofenac ya maumivu ya goti, dawa ya kutuliza asidi tumboni, nusu strip ya ciprofloxacin iliyobaki tangu mwezi uliopita, na chupa ya mizizi kutoka kwa mganga wa tiba asili. Hakuna aibu yoyote katika mkoba huo. Lakini kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kubadilisha uamuzi wa daktari, kwa hiyo chukua mfuko, weka kila kitu unachomeza, kunywa au kupaka, kisha uupeleke kama ulivyo.

Ciprofloxacin huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja fezolinetant, mojawapo ya dawa mpya za fukuto, kwa hiyo mtu akizitumia pamoja, kiwango cha fezolinetant katika damu hupanda. Kwetu ciprofloxacin huuzwa dirishani kwa urahisi mno kwa ajili ya mkojo na tumbo, na ndiyo maana naitaja kwa jina. Diclofenac na ibuprofen, zikichanganywa na dawa za kundi la paroxetine au venlafaxine, yaani dawa za sonona zinazotumika pia kutuliza fukuto, huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni. Tramadol nayo, ikichanganywa na kundi hilohilo, inaweza kusababisha kemikali ya ubongo iitwayo serotonini kuzidi mwilini, na dalili zake ni kutetemeka, homa, jasho na kuchanganyikiwa. Linezolid, inayotumika katika kutibu kifua kikuu sugu, ina hatari hiyohiyo. Rifampicin ya kifua kikuu huharakisha kuvunjwa kwa dawa nyingi ndani ya ini, ikiwamo elinzanetant, dawa nyingine mpya ya fukuto, kiasi kwamba kidonge hubaki bila nguvu. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilizoambatanishwa na ritonavir hufanya kinyume chake, yaani huipandisha elinzanetant. Na ikiwa umeandikiwa citalopram au escitalopram, ambazo nazo ni za kundi la paroxetine, mweleze mtoa huduma siku utakapopimwa na kukutwa na malaria, kwa kuwa dawa mseto yenye lumefantrine na dawa hizo mbili zote zinaweza kuathiri mpangilio wa umeme wa moyo. Malaria ni lazima itibiwe. Anachohitaji mtoa huduma ni kujua ili achague na kufuatilia ipasavyo.

Hatua ya tano: Chagueni dawa pamoja

Dawa hizi ziko katika makundi mawili makubwa: zile zilizobuniwa kwa ajili ya fukuto lenyewe, na zile zilizobuniwa kwa ajili ya maradhi mengine, kisha zikaonekana kwamba zinapunguza fukuto. Kundi la pili ni la zamani, bei yake ni nafuu, na kwa wasomaji wengi ndilo litakalopatikana kwanza.

Katika kundi la pili zinatangulia dawa zinazojulikana zaidi kwa kutibu sonona na wasiwasi. Paroxetine ya miligramu 7.5, inayomezwa wakati wa kulala, iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2013 kwa jina la Brisdelle, nayo ikawa dawa ya kwanza isiyo na homoni kupewa idhini rasmi kwa ajili ya fukuto. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, madaktari huandika kidonge cha miligramu 10. Venlafaxine huanzishwa kwa miligramu 37.5 kwa siku na kupandishwa hadi 75, na wakati mwingine 150. Escitalopram na citalopram hutumika kwa miligramu 10 hadi 20. Kuandikiwa dawa ya namna hii hakumaanishi kwamba daktari anadhani dalili zako ni za kufikirika, wala kwamba amekuona una ugonjwa wa akili. Dawa hizi hugusa kemikali za serotonini na noradrenalini ambazo pia zinahusika katika kuratibu joto, na matokeo yake juu ya fukuto huonekana ndani ya takriban wiki mbili, mapema kuliko zinavyochukua kutibu sonona. Kichefuchefu cha siku za mwanzo, kinywa kukauka, na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa ndiyo maudhi yanayolalamikiwa zaidi. Venlafaxine inaweza kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo haifai kuwa chaguo la kwanza kwa mwanamke ambaye presha yake bado haijatulia.

Hapa nataka kukaa kidogo na wanawake wanaotumia tamoxifen baada ya saratani ya matiti. Tamoxifen haifanyi kazi yake yote ikiwa kama ilivyomezwa. Ini huibadilisha kuwa kemikali yenye nguvu zaidi iitwayo endoxifen, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Paroxetine huzuia kimeng'enya hicho kwa nguvu, na fluoxetine vilevile. Mwanamke anaweza kulala vizuri usiku huku kinga yake dhidi ya saratani kurudi ikipungua bila yeye kuhisi chochote. Kwa sababu hiyo, anayetumia tamoxifen asikubali paroxetine wala fluoxetine kwa ajili ya fukuto. Venlafaxine, pamoja na escitalopram au citalopram, haziigusi sana njia hiyo na ndizo zinazopendelewa. Ukikumbuka sentensi moja tu kutoka katika mwongozo huu, na iwe hiyo ya kwamba anayetumia tamoxifen asitumie paroxetine wala fluoxetine, na uitamke mbele ya kila anayekuandikia dawa, hata kama anaonekana ana haraka.

Kwa mwanamke ambaye shida yake kubwa ni ya usiku, gabapentin inastahili kufikiriwa. Ni dawa ya kifafa na ya maumivu ya neva. Kwa fukuto, daktari huanza na miligramu 300 wakati wa kulala, kisha hupandisha taratibu hadi 900 kwa siku au zaidi, kulingana na mwili unavyoipokea. Usingizi inaouleta, ambao mchana ni kero, usiku huwa sehemu ya msaada. Lakini huleta pia kizunguzungu, na kwa mama wa miaka 60 anayeamka gizani kwenda msalani, kizunguzungu maana yake ni kuanguka na pengine kuvunjika nyonga, kwa hiyo taa iwe karibu na kitanda. Dozi hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu. Isichanganywe na pombe wala na tramadol, na dawa ya asidi tumboni yenye aluminiamu au magnesiamu imezwe ikiwa imetengana nayo kwa saa mbili.

Oxybutynin, dawa ya kibofu kisichotulia, hutumika kwa miligramu 2.5 hadi 5 mara mbili kwa siku, na inamfaa hasa mwanamke ambaye pamoja na fukuto anakimbilia choo kila mara. Hukausha kinywa na kufunga choo, na kwa wenye umri mkubwa inaweza kuathiri kumbukumbu ikitumika kwa muda mrefu. Mwenye presha ya macho ya pembe nyembamba asiitumie. Clonidine, dawa ya zamani ya presha, bado huandikwa mahali pengi. Chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini, katika tamko lake la mwaka 2023, hakikuipendekeza tena, kwa sababu faida yake ni ndogo ukilinganisha na kushuka kwa presha na madhara mengine inayoyaleta.

Tukija kwenye dawa mpya, fezolinetant, inayouzwa Marekani kwa jina la Veozah na Ulaya kwa jina la Veoza, iliidhinishwa na FDA mwezi Mei 2023. Huziba kipokezi ambacho nyurokinini B inakitumia, yaani inalenga mahali hasa ambapo fukuto huanzia. Humezwa kidonge kimoja cha miligramu 45 kila siku, saa ileile. Katika majaribio yake makuu, wanawake walioanza na mafukuto takriban kumi au kumi na moja kwa siku waliona nafuu tangu wiki ya kwanza, na kufikia wiki ya 12 walikuwa wamepungukiwa na takriban mafukuto mawili na nusu zaidi kwa siku kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wale waliopewa kidonge kisicho na dawa nao walipata nafuu ya kuonekana, jambo la kawaida katika tafiti za fukuto, na ndiyo sababu ninasisitiza daftari na kuwa na tahadhari na ushuhuda wa mtu mmoja. Haitumiwi na mwenye ini lililosinyaa kwa makovu, mwenye figo zilizoharibika sana, wala anayemeza dawa zinazozuia kimeng'enya cha CYP1A2 kama fluvoxamine na ciprofloxacin.

Elinzanetant, kwa jina la Lynkuet, ilipata idhini Uingereza mwezi Julai 2025 na Marekani mwezi Oktoba mwaka huohuo. Huziba vipokezi viwili badala ya kimoja, na humezwa miligramu 120 wakati wa kulala, yaani vidonge viwili laini vya miligramu 60. Huweza kuleta usingizi, uchovu, kizunguzungu na maumivu ya kichwa, kwa hiyo usiendeshe gari asubuhi mpaka ujue mwili wako umeipokeaje. Epuka balungi na juisi yake. Mwambie daktari kama uliwahi kuwa na kifafa au degedege. Jambo linalonipa matumaini ni kwamba dawa hii imejaribiwa pia kwa wanawake wanaotumia tiba ya kuzuia homoni kwa ajili ya saratani ya matiti, ambao kwa miaka mingi ndio waliokuwa na machaguo machache kuliko wote, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha kwamba iliwapunguzia fukuto.

Hatua ya sita: Pima kabla ya kidonge cha kwanza

Kwa fezolinetant, kipimo cha utendaji wa ini si cha hiari. Desemba 2024 FDA iliweka onyo lake la ngazi ya juu kabisa kwenye dawa hiyo, baada ya kuripotiwa madhara makubwa ya ini ambayo ni nadra lakini ya kweli. Damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu inapotimia miezi sita na miezi tisa tangu kuanza. Kwa elinzanetant, ini hupimwa kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu. Kama unaishi mbali na maabara, au gharama ya kurudia vipimo itakushinda, sema hivyo wazi kabla ya kuandikiwa, kwa sababu dawa ya zamani unayoweza kuifuatilia ni salama kuliko mpya usiyoweza kuifuatilia. Ni busara pia kupima homa ya ini ya aina ya B kama hujawahi kupima, kwa kuwa ni ugonjwa uliosambaa katika ukanda wetu na wengi wanaoishi nao hawajijui.

Kwa venlafaxine pima presha kabla na baada ya kila dozi kupandishwa. Kwa gabapentin pima figo.

Hatua ya saba: Nunua mahali panapoeleweka

Nchini Marekani, fezolinetant ilipoingia sokoni, bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 550 kwa mwezi mmoja. Bei ya namna hiyo huwavutia wauzaji bandia, na mwanamke aliyechoka kwa kukosa usingizi ni mteja rahisi kwao. Usinunue dawa hizi kwa mtu anayezitangaza kwenye kundi la simu, na usipokee vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake na kufungwa kwenye karatasi. Mwombe mfamasia akuoneshe kwamba dawa imesajiliwa na mamlaka ya nchi yako, ambayo kwa Tanzania Bara ni TMDA na kwa Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu, kisha soma mwenyewe tarehe ya kuisha muda. Anayeletewa dawa na ndugu aliye Muscat, London au Minneapolis akumbuke kwamba boksi husafiri lakini vipimo havisafiri nalo: bado anahitaji daktari wa karibu atakayemfuatilia.

Dawa za mitishamba na virutubisho vya kutuliza fukuto ni suala jingine. Ushahidi wa kwamba vinasaidia ni dhaifu, na baadhi, kama mmea wa black cohosh unaouzwa katika vidonge, vimehusishwa na kuumia kwa ini. Usivitumie pamoja na fezolinetant.

Hatua ya nane: Meza, fuatilia, na ujue dalili za hatari

Anza siku ambayo hukabiliwi na safari wala shughuli nzito. Weka dawa mahali unapoiona kila siku, na ukisahau, meza unapokumbuka ndani ya siku ileile, isipokuwa kama muda wa dozi inayofuata umekaribia. Katika hali hiyo iache iliyopita, wala usimeze mbili kwa pamoja. Dawa zinazomezwa wakati wa kulala, yaani elinzanetant, gabapentin na paroxetine, ukizikosa usiku, subiri usiku unaofuata. Endelea na daftari lako. Baada ya wiki nne linganisha kurasa mpya na zile za mwanzo, na kufikia wiki ya 12, ikiwa mafukuto hayajapungua kwa kiasi unachokihisi katika usingizi na kazi zako, rudi mkabadilishe dawa. Kushindwa kwa moja hakumaanishi kwamba zote zitashindwa.

Acha fezolinetant na uende kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona macho au ngozi imegeuka manjano, mkojo una rangi ya chai nzito, choo kimekuwa cheupe, mwili unawasha bila upele, unatapika, au una maumivu upande wa kulia juu ya tumbo pamoja na uchovu usio wa kawaida. Usisubiri tarehe ya kipimo kinachofuata. Kwa dawa za kundi la paroxetine na venlafaxine, watu wa nyumbani wajue kwamba mabadiliko makubwa ya hisia, kukosa utulivu kupita kiasi, au mawazo ya kujidhuru yanahitaji daktari mara moja.

Wakati huohuo, feni, nguo nyepesi za pamba, na kupunguza pombe au pilipili kwa anayeona zinamchokoza, ni mambo yasiyo na hasara, ingawa peke yake mara chache hutosha kwa fukuto kali. Tiba ya mazungumzo inayofundisha namna ya kuyapokea mawazo na kuratibu usingizi ina ushahidi mzuri, na pale inapopatikana inaweza kwenda sambamba na dawa yoyote iliyotajwa hapa.

Hatua ya tisa: Panga namna ya kuacha

Hakuna anayepaswa kumeza dawa hizi kwa mazoea tu. Mara moja kwa mwaka, kaa na daktari muulizane kama bado unaihitaji. Paroxetine, venlafaxine, escitalopram, citalopram na gabapentin haziachwi ghafla: dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, vinginevyo huja kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya na hisia ya kupigwa shoti za umeme kichwani. Venlafaxine ndiyo inayosumbua zaidi katika hili, hata kwa aliyekosa dozi ya siku moja au mbili. Fezolinetant na elinzanetant hazihitaji kupunguzwa taratibu, ila fukuto linaweza kurudi baada ya kuziacha. Likirudi, fungua tena daftari, andika wiki mbili nyingine, na upeleke kurasa hizo pamoja na orodha mpya ya dawa zako, kwa sababu huenda magonjwa na dawa ulizo nazo mwaka huu si zile za mwaka ulipoanza tiba.